Taralli Huchemshwa Kwanza

Hadi leo nikiona dukani mfuko wa taralli, vile vibiskuti vya Kiitaliano, hasira hunipanda. Kidogo ni kwa binti wa bibi niliyemtunza. Nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mgeni Toronto, miaka ya elfu mbili na kitu, nikapata kazi ya kumtunza mjane wa Kiitaliano huko Downsview. Kama majirani zake, alikuwa na majiko mawili. La juu lilikuwa la kutazamwa na wageni. La kupikia lilikuwa besimenti, chini ya nyumba. Ijumaa yangu ya kwanza tulishuka pole pole, nimemshika kiwiko, akakanda unga kwa mafuta ya zeituni, divai nyeupe na mbegu za shamari. Akausokota, akaufunga viduara vidogo vya kutosha kuvaa kidoleni. Kisha akavitumbukiza vyote kwenye sufuria ya maji yanayochemka.

Mimi nimekulia kwenye mandazi na kaimati. Unga wa namna ile naujua kwenye mafuta au kwenye oveni. Nikasema moyoni, maskini, bibi wa watu kachanganyikiwa. Vilipoelea alivitoa, akavitandaza juu ya kitambaa vikauke. Saa zangu za kazi zikaisha kabla sijaona kinachofuata. Lakini sikuondoka kabla ya kuandika, tena kwa mwandiko mzuri, kwenye daftari ambalo binti yake alilisoma kila Jumapili: mama amechanganyikiwa, ametupa mikate mibichi kwenye maji ya moto.

Jumatatu nilikuta fundi ameshakata gesi ya besimenti. Juu ya meza palikuwa na mfuko wa taralli za dukani. "Ni zile zile," binti akasema, akarudi zake Mississauga. Bibi hakuugusa.

Wiki hiyo hiyo jirani wa bibi aliniita kwake ninywe kahawa. Nikamkuta amesimama mbele ya sufuria, viduara vinaelea. Nikamuuliza anafanya nini.

"Taralli huchemshwa kwanza, ndipo zinaokwa," akasema. "Usipochemsha, hazing'ai wala hazilii menoni."

Kahawa ilinishinda. Nilimpigia binti simu, nikamwambia nimekosea, mama yake ni mzima, arudishe gesi.

"Hata kama," akajibu. "Ana miaka themanini na nne. Hivi ni salama zaidi."

Mori ulinipanda. Mwanamke aliyezaliwa nyumba ile, aliyeguguna taralli tangu meno ya utoto, hakuwahi hata siku moja kushuka ngazi aone mama yake anazipikaje. Akaniamini mimi, niliyekuwa na wiki moja nyumbani kwao. Na mimi nani aliniroga, hata nikamwandika mtu wazimu jikoni kwake mwenyewe?

Nilirudi kwa bibi. Alikuwa amekaa jikoni juu, kwenye lile jiko la wageni, mikono mapajani, hana la kufanya. Daftari lilikuwa mbele yake. Kiingereza alikisema kidogo, kukisoma hakujua.

"Umeandika nini humu?" akauliza.

Nikamsomea lote, neno kwa neno, uso unaniwaka kwa aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akalifunga daftari.

"Nilikuwa mbele yako," akasema. "Si ungeniuliza."