Siku Niliyovaa Helmeti Peke Yangu

Helmeti ile nilipewa na mradi wa maji wa kanisa letu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikuwa vijana wanne tulioajiriwa kuzunguka vijijini kukagua visima na mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji mitoni, na kila mmoja wetu alipewa baiskeli mpya, koti la mvua na helmeti nyeupe yenye mikanda ya kufungia kidevuni. Wenzangu hawakuivaa hata wiki moja. Mmoja aliifanya kiota, akaniambia kuku wake hajawahi kutaga vizuri namna hiyo. Mwingine alimpa mkewe, akawa anabebea maharagwe kutoka shambani. Mimi nilivaa yangu kila siku, hata nikienda tu kununua kiberiti, na sitaki kumdanganya mtu kwamba niliogopa ajali. Nilivaa kwa sababu nikiwa nayo kichwani watoto waliniita ofisa.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikulitambua hadi baadaye. Kabla ya helmeti nilikuwa mwendeshaji mwoga. Kwenye mteremko nilishuka nikaikokota baiskeli kama mzee. Nilipoanza kuivaa, nikaanza kuachilia breki. Nilihisi hakuna kitu cha kunipata.

Dada yangu alinizidi miaka sita. Alikuwa fundi wa nguo pale soko la Muthetheni, na ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Sifa yake ilikuwa moja: hakuandika vipimo. Alikupima mara moja kwa utepe wake, mabega, kifua, urefu wa mkono, akanyamaza kidogo, basi. Ungerudi baada ya mwaka mzima kutaka shati lingine, angekutajia vipimo vyako bila kukugusa, na kukuuliza mbona umenenepa. Alikuwa ameachana na mumewe, akarudi nyumbani, na sisi watatu, yeye, mama na mimi, tuliishi pamoja juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka sokoni.

Jumamosi moja dada alikuwa na sare za kwaya za kupeleka sokoni, nguo za zambarau zenye kola nyeupe, amezifunga kwenye shuka. Jana yake jirani alikuwa amemsuka, mistari myembamba iliyorudi nyuma hadi shingoni. Aliniomba nimpeleke kwa baiskeli kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Aliketi upande kwenye keria, akapakata furushi lake, akanitazama nikifunga mkanda kidevuni.

"Na mimi nivae nini?" akauliza.

Alikuwa anatania, lakini si kutania tu. Nimelifikiria swali hilo miaka mingi, na najua sauti yake ilivyokuwa. Ningeweza kuivua nikampa. Kichwa changu kingekosa nini? Lakini ilikuwa siku ya soko, na pale sokoni palikuwa na msichana mmoja wa duka la dawa ambaye nilitaka anione nikifika.

"Wewe ni mzigo," nikamwambia. "Mzigo hauvai helmeti."

Alicheka, akanipiga kofi la mgongoni, tukaondoka.

Kutoka kwetu barabara huteremka kwa muda mrefu hadi kwenye kijito, na kule chini kuna daraja dogo lenye kuta fupi za mawe. Mvua za mwezi huo zilikuwa zimechimba mitaro katikati ya njia. Dada aliniambia nishike breki. Baadaye kidogo akaniambia tena, na mara hii alinishika koti. Nilimsikia mara zote mbili. Nilikuwa nawaza tu jinsi tutakavyopanda ule upande wa pili kwa kasi ile bila kukanyaga sana.

Gurudumu la mbele liliingia kwenye mtaro hatua chache kabla ya daraja. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka mlio karibu na sikio langu, kama kibuyu kikipasuliwa, halafu nikawa nimekaa chini nikitazama mikono yangu. Kiwiko kilichubuka. Hakuna kingine. Nilipovua helmeti nikaona imepasuka kutoka usawa wa sikio hadi utosini, nikaweza kupitisha ukucha kwenye ufa.

Yeye alikuwa amelala chini ya ukuta ule ule. Tuligonga mawe yale yale, yeye na mimi, labda hatua mbili kati yetu. Nguo za kwaya zilikuwa zimetawanyika njiani. Damu haikuwa nyingi, ilitoka sikioni kidogo kidogo, na alikuwa anakoroma kama mtu aliyelala usingizi mzito. Kukoroma huko ndiko kulikonitisha. Watu waliokuwa wakienda sokoni walinisaidia kumbeba, na pikapu iliyokuwa imebeba mchanga ikamwaga mchanga wake pale pale, ikatupeleka Machakos.

Daktari aliyempokea aliichukua helmeti mkononi mwangu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa. Aliniambia kwamba bila hiyo tungekuwa wagonjwa wawili, pengine maiti wawili. Akaniuliza kama dada alikuwa na yake. Nikasema hakuwa nayo. Hapo nilikuwa bado sijasema uongo.

Mama alifika mchana, vumbi hadi magotini. Alimtazama dada, ambaye nesi alikuwa amemnyoa upande mmoja ili ashonwe, na upande wa pili mistari ya nywele ikabaki imepangwa vizuri kama shamba lililopandwa. Kisha akanitazama mimi na helmeti yangu. Aliniuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini mimi nilikuwa nimevaa na mwenzangu hakuvaa.

"Nilimpa, mwaitu," nikamjibu mama. "Alikataa. Alisema itamharibia nywele."

Sikuwa nimepanga. Yalitoka tu. Mama aliitazama tena ile mistari iliyobaki, akaguna, akaketi. Aliamini. Na kwa nini asiamini, ushahidi ulikuwa pale kichwani.

Dada alikaa siku tisa bila kujitambua. Nilijiambia kwamba akiamka atasema ukweli, nami nitakubali, na kwa hiyo hakuna haja ya kusema sasa. Aliamka. Alimtambua mama, akanitambua mimi, akauliza kama mbuzi wamelishwa. Lakini siku ile haikuwepo kabisa kichwani mwake, wala jana yake. Mama ndiye aliyemweleza kilichotokea, jinsi nilivyomwambia mimi, nami nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Dada alishika kichwa chake kilichonyolewa, akatabasamu upande mmoja, akasema kumbe urembo ndio umemponza.

Nikamnyooshea shuka miguuni.

Alirudi nyumbani akitembea, na watu wakamshukuru Mungu kanisani. Ilichukua muda kuona kilichopotea. Jua lilimpa maumivu ya kichwa hadi akatapika. Alilala mchana kutwa. Na vipimo vilikwenda. Alimpima mtoto wa shule, akageuka kuchukua chaki, na akigeuka tena alikuwa amesahau. Nilimnunulia daftari aandike, akawa anaandika, lakini hakujua tena nambari ile ilikuwa ya kifua au ya kiuno. Alishona kaptura yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Wateja hawakumsema vibaya. Waliacha tu kuja, mmoja mmoja, na baada ya mwaka tulileta cherehani nyumbani, mama akaifunika kwa leso.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekuwa mtu wa maana. Msimamizi wa mradi alipenda sana hadithi ya helmeti yangu. Alinitembeza kwenye shule na masoko, hasa penye vijana wa bodaboda za baiskeli, nisimame mbele niinue ile helmeti iliyopasuka na kueleza. Nilieleza vizuri. Vichwa viwili, nilisema, ukuta mmoja. Kisha nilieleza kwamba dada yangu alipewa akakataa kwa ajili ya nywele, na vijana walitikisa vichwa, na wasichana wakashika nywele zao. Kila nilipoirudia ilikuwa rahisi zaidi. Kuna siku nilijikuta nikiongeza maneno ambayo dada eti aliyasema.

Siku moja tulikuwa Muthetheni, na yeye akaja. Sikujua angekuja. Alikaa chini ya kivuli cha duka, na nilipomaliza alisimama taratibu, akaomba aseme neno.

"Huyo dada ni mimi," akasema. "Vaeni hiyo kitu. Mimi niliona nywele iko na maana kuliko kichwa, na sasa niko hivi."

Watu walimcheka kidogo, kwa huruma, naye akacheka nao. Mimi nilikuwa nimeshika helmeti kwa mikono miwili kama mtu anayekusanya sadaka. Msimamizi alinipiga bega, akasema familia yetu ni ya mfano.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko sokoni. Mama hakuwa mkatili, lakini alikuwa amechoka, na alikuwa amezeeka haraka kwa kumuuguza mtu ambaye alitegemea amuuguze yeye. Dada akilalamika kichwa, mama alimjibu, hizo nywele zako. Akiunguza chakula, hizo nywele zako. Dada hakusuka tena maishani mwake. Alikata nywele fupi kama za mwanafunzi. Mimi niliyasikia hayo yote nikila, na niliendelea kula.

Mama alifariki miaka ile ya elfu mbili ilipokuwa imeanza kuzoeleka. Wiki mbili baada ya mazishi, wageni wakiwa wameondoka, tulikuwa tumekaa uani, dada na mimi, tukimenya mbaazi. Aliniambia, bila kuinua macho, kwamba siku chache kabla ya kufa mama alimwita akamwambia amemsamehe.

Nikamuuliza amemsamehe nini.

"Ile ya nywele," akasema. "Kwamba nilijiharibia maisha, na yeye nikamharibia uzee. Alisema hana kinyongo."

Nilimwambia wakati huo. Nilimwambia yote, swali lake, jibu langu, msichana wa duka la dawa, breki, koti alilolishika. Nilisema haraka, nikitazama beseni. Nilipomaliza nikamtazama. Alikuwa amekunja uso jinsi alivyokunja kila alipojaribu kushika kitu kilichokuwa kinamponyoka.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Nikasema tena. Katikati alinisimamisha, akaniuliza nirudie pale pa kwanza. Nadhani nilisema mara tatu. Hakuna adhabu ambayo mtu angeweza kunibunia iliyo kali kuliko hiyo, na yeye hakuwa anaadhibu. Alikuwa anataka tu kuelewa, na mimi ndiye niliyekifanya kichwa chake kisielewe mara moja.

Mwishowe akauliza, "Kwa hivyo mama alikufa akijua ni mimi niliyekosa?"

"Ndiyo."

"Ungemwambia yeye," akasema. "Mimi ningengoja."

Aliinuka, akaingia ndani na beseni lake. Nilimsikia akitafuta kitu. Nilipochungulia mlangoni alikuwa ameketi kitandani na daftari lake, akiandika kwa herufi kubwa yale niliyomwambia. Lazima nikiri jambo hapa. Tangu nilipofungua mdomo, kuna sehemu yangu iliyokuwa ikitumaini kwamba kesho yake atakuwa amesahau.

Hakusema nami karibu miezi miwili. Nilikuwa nimeshahamia kwenye chumba cha kupanga karibu na ofisi ya mradi, na nilipopita nyumbani alinijibu salamu tu. Halafu akanitumia ujumbe kupitia kwa jirani: niwakusanye wale vijana wa bodaboda wa Muthetheni niwaambie ukweli. Kama nilisema mbele ya watu, nitarudi mbele ya watu.

Nilikwenda. Msimamizi hakupenda, alisema nitaharibu ujumbe, na baada ya hapo hakunituma tena mahali popote kuzungumza. Vijana walikuwa kama kumi na tano, wameegemea baiskeli zao, na dada alikaa mbele na daftari mapajani akifuatilia kwa kidole. Niliwaambia kwamba hakukataa, kwamba hakupewa. Wengine walitazama chini. Mmoja alisonya, akapanda baiskeli yake akaondoka. Mwingine, mtu mzima mwenye mvi chache, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: sasa hiyo helmeti inasaidia ama haisaidii, kwa sababu hadithi imebadilika.

Nilimjibu nilichokijua. Kwamba haizuii baiskeli kuanguka, na mimi ilinifanya nikimbie zaidi ya akili yangu. Kwamba haikingi mguu wala mgongo. Lakini kichwa kikigonga jiwe, ni heri jiwe likutane nayo kwanza, na kama iko moja na watu ni wawili, mwenye kuendesha ashuke, watembee.

Dada alifunga daftari. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akitangulia hatua kadhaa.

Sasa anashona vifungo na kukunja pindo, kazi ambazo hazitaki vipimo, na ana wateja wachache wanaompenda. Mimi humpeleka kliniki. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sina uso wa kumuuliza. Jumapili nikifika ananipakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, ananiwekea maji ya kunawa, ananiuliza habari za kazi. Wageni wakiwepo na mmoja akauliza aliumiaje, hujibu kwamba ndugu yake atawaeleza. Kisha hunitazama, na mimi huweka kijiko chini na kuanza.