Daftari Ambalo Mwalimu Mkuu Hakuligusa

Majina yao yote ninayo kichwani, kuanzia Mwalimu Mkuu hadi mpika uji. Siyaandiki. Wana wajukuu, na wajukuu hawakunitendea kitu.

Nilitoka Iringa na darasa la saba langu na kifafa changu. Miaka ile ya sabini serikali ilitaka kila mtoto asome, walimu hawakutosha, wakatuchukua hata sisi. Asubuhi unafundisha, jioni unafundishwa ualimu, mwisho mkaguzi anatoka Mbeya kukupima. Ukishindwa, rudi kwenu. Kwetu walishasema hakuna atakayenioa, na jembe wamempa mdogo wangu. Sikuwa na pa kurudi.

Nikapangiwa shule moja bondeni Usangu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Chimala. Mwezi wa pili vidonge vya hospitali vikaniishia, nikaanguka mbele ya ubao. Watoto walikimbia. Walimu wenzangu walisimama mlangoni wakitazama. Hakuna aliyenigusa mpaka mate yalipokauka mdomoni, maana walisema kifafa hukaa kwenye mate.

Tangu siku hiyo kikombe changu kilitundikwa nje, kwenye msumari. Chaki yangu ikatengewa kopo. Na daftari la mahudhurio, kwa kuwa nilikuwa nalamba kidole kufunua kurasa kama walimu wote, Mwalimu Mkuu alikataa kulishika. Ya wenzangu aliyakusanya kila Ijumaa. La kwangu alisema, "Kaa nalo, dada. Kaa nalo hukohuko."

Mpunga ulipoanza kuiva nikajua madaftari ya wenzangu anayafanyia nini. Watoto walibaki mashambani kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, madarasa yakawa nusu. Mimi asiyekuja nilimwandikia sifuri. Yeye kwenye ya wenzangu alikwangua sifuri kwa wembe, akaweka alama ya vema, ili Mbeya wamwone anachapa kazi.

Kisha akaandika barua Mbeya kwamba mgonjwa huyu aondolewe, wazazi wanalalamika. Aliyeniambia ni mwalimu wa kike wa darasa la pili, aliyeipeleka posta Chimala.

"Fungasha, dada," akasema anacheka. "Kaangukie kwenu. Jiko la mama yako si lipo?"

Mkaguzi alikuja asubuhi bila taarifa, vumbi la barabara bado liko kwenye nywele. Akaanza na darasa la nne, la Mwalimu Mkuu mwenyewe. Daftari lilisema arobaini na wawili. Mle ndani walikuwa kumi na tisa. Nilisikia yote, ukuta kati ya darasa lake na langu ulikuwa wa matete.

"Wengine wako wapi?"

"Chooni, mzee."

"Wote?"

Mtoto mmoja akamsaidia mwalimu wake: "Shikamoo mzee. Wanaamia ndege. Tangu mwezi uliopita."

Mkaguzi akacheka kwa pua. "Baada ya uji nataka madaftari yote."

Hapo Mwalimu Mkuu akaja darasani kwangu anahema. "Mwalimu," akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nimemwambia mkaguzi mtoto yule mwongo, utoro ni wa leo tu. Lako likionekana na sifuri za mwezi mzima, nimekwisha. Lete nilisawazishe."

Nikalitoa. Nikalamba kidole gumba, nikafunua ukurasa. Nikalamba tena, nikafunua. Sikuwa na haraka. Kurasa zote tangu nilipofika, kila moja na mate yake. Nilipomaliza nikampa kwa mikono miwili, kama mama alivyonifundisha kumpa mkubwa kitu.

Mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo, ikabaki huko mpaka mkaguzi alipoingia.

Mkaguzi naye alilifunua kwa ncha ya rula, msidhani alikuwa malaika. Akahesabu watoto wangu, akahesabu alama za vema za siku hiyo, zikalingana. Akakaa nyuma nikafundisha kugawanya, hadi mwisho wa kipindi.

"Huyu haondoki," akamwambia Mwalimu Mkuu. "Ndiye pekee hapa anayejua watoto wake walipo."

Mimi hakunisemesha. Cheti kilikuja kabla ya mavuno mengine. Kikombe kikaendelea kukaa kwenye msumari; hakuna aliyekirudisha ndani, na sikuomba.

Mwalimu Mkuu alipohamishwa, alipeana mkono wa kwaheri na sisi walimu mmoja mmoja, wazazi wakitazama. Aliponifikia alisita, kisha akanyoosha mkono.

Nikalamba kidole gumba kwanza.