Siku mkwe wangu aliponusa udi wetu: kisa cha jiko la unga wa mbao

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma humu malalamiko ya ndugu mmoja kuhusu jiko lake linalotoa moshi, nikabaki nacheka peke yangu. Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe. Mke wangu yupo hapa ubavuni, nikitia chumvi atanisuta.

Ni miaka ya tisini, kwetu Unguja. Mimi fundi seremala, ndoa bado mbichi, tumepanga vyumba viwili Mpendae.

Mke wangu, Rukia, ni mtoto wa Mji Mkongwe. Mama yake, Bi Zuwena, alinikubali kwa shingo upande. Hakuwahi kunitolea neno baya, ila salamu yangu alikuwa akiipokea huku anatazama viatu vyangu.

Sasa jiko.

Karakana ilikuwa imejaa unga wa mbao, wa bure kabisa. Nikachukua debe, nikalitoboa tundu chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia unga pembeni mpaka juu, unaichomoa chupa taratibu. Linabaki shimo la kupitisha moto. Likishika, linapika kutwa.

Mimi kwa ufundi wangu nikaliongezea bomba la kutolea moshi ukutani. Basi nilijiona injinia! Kila mgeni lazima apelekwe jikoni akaone bomba.

Kusafisha je? Thubutu. Miezi minne sikuligusa. Masizi yakajaa, moshi ukarudi ndani, Rukia akaanza kukohoa.

Akaenda kwao kusalimia, kikohozi kikamfuata. Akarudi na ujumbe wa mama yake: "Ijumaa nnakuja kula kwenu. Nikikuta mwanangu anavuta moshi, narudi naye mjini."

Wakuu, yule mama hakuwa na utani. Na mimi nilikuwa nampenda mke wangu, bado nampenda, naandika wazi asome. Siku tatu nilikuwa nakula bila kusikia ladha.

Ijumaa asubuhi nikavamia jiko. Nikafunga kumbi la nazi kwenye waya, nikalipitisha kwenye bomba mpaka masizi yote yakatoka. Uso ulikuwa mweusi, Rukia akanicheka mpaka akakaa chini. Nikakwangua jivu, nikashindilia unga mpya, mkavu. Jiko likawaka safi, moshi wote nje.

Jivu sikulitupa, maana Rukia alikuwa akisugulia masufuria. Nililigusa juu, nikaona la baridi. Nikalitia kwenye pakacha, pakacha nikaliegemeza kwenye gunia la unga wa mbao, nyuma ya mlango wa jikoni.

Soma tena hapo. Jivu, pakacha la makuti makavu, gunia la unga wa mbao. Na mimi ndiye fundi.

Nikaoga, nikaenda kusali. Rukia naye akafukiza udi nyumba nzima, mapazia, mito, mpaka kanzu yangu ya akiba. Mama mzazi anakuja, utafanyaje?

Niliporudi nikamkuta Bi Zuwena ameshakaa mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho kwenye viatu.

Tukala wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Rukia hakukohoa hata mara moja. Nikaanza kunenepa pale pale.

Bi Zuwena akanyanyua pua. "Rukia, udi gani huu mliofukiza?"

"Ule ulionipa wewe, mama."

Akala matonge mawili, akanusa tena. "Mimi udi wangu nnaujua. Huu una kitu."

Na mimi, kwa kutaka kumfurahisha mkwe, nikajibu, "Mzuri sana mama, umekolea." Wallahi nilivuta pumzi ndefu kabisa kuonesha ninavyouthamini.

Bi Zuwena akaliacha tonge. "Umekolea? Hiyo mbao inaungua, baba!"

Tukakimbilia jikoni. Pakacha limeliwa nusu, ubavu wa gunia umekuwa mwekundu, unafuka. Nikanyakua ndoo ya maji niyarushe yote.

"Usirushe! Unga utatimka, utuwakie usoni! Livute nje kwanza, taratibu!" Bi Zuwena akanizuia.

Tukaliburura gunia mpaka uani. Akapandisha buibui, akachukua kata ya kuchotea, akawa anamimina maji kidogo kidogo, anachokoa kwa kijiti, anamimina tena. Kama robo saa hivi. Hakuacha mpaka alipotia mkono mwenyewe ndani ya gunia na kuona pamepoa.

Mimi nimesimama tu. Nilijua imekwisha, Rukia anaondoka. Machozi yalinilenga na sikuwa na moshi wa kusingizia.

"Mama," nikasema, "kosa langu. Rukia hakujua jivu nimeliweka wapi."

Akanitazama. Usoni, kwa mara ya kwanza.

"Unadhani mimi nnalichukia jiko lako kwa sababu ni la vumbi la mbao, la kimaskini?" Akakunja mkono wa nguo, akanionesha kovu kutoka kiwikoni mpaka karibu na kifundo. "Watoto wangu wote nimewalea kwa jiko kama hilo. Kovu hili nimelipata kwa jivu la jana, nililoliona la baridi. Jiko lako silichukii, nnaliogopa."

Rukia alikuwa akiliona kovu lile tangu utotoni. Siku zote aliambiwa ni mafuta ya sambusa.

Bi Zuwena akanawa, akarudi mkekani kumalizia wali wake. Alipoondoka, aliondoka peke yake.

Ijumaa iliyofuata akaja tena, amebeba debe tupu la samli, lenye mfuniko wa kubana. Akalitua miguuni kwangu.

"Wewe ulitoa mahari yako," akaniambia, "na haya yangu. Jivu litie humu, lifunike, liweke uani, lilale siku mbili ndipo Rukia alitumie. Bomba lako zuri. Na mimi nitengenezee."

Nilimtengenezea, na kila mwezi nikaenda kulisafisha mwenyewe mpaka alipofariki. Mungu amrehemu.

Siku hizi tunapikia gesi. Debe la samli bado lipo uani, na Rukia hataki liguswe.

Funzo langu: jivu usiliamini kwa kuligusa juu. Na mkwe akisema ananusa kitu, usimjibu kuwa kimekolea.

Nyie wenzangu, kwenu jivu huwa mnaliweka wapi? Semeni ukweli.