Sufuria Moja

Sisi ni watu wa Masisi, watu wa ng'ombe na maziwa yao. Samaki kwetu ni wa kuangalia tu. Sasa tunaishi Keshero, ziwa liko mbele ya macho, na sambaza, wale samaki wadogo kama kidole, wanauzwa kila kona. Mume wangu alibaki nyuma kuchunga ng'ombe. Tangu vita vifunge barabara hatujapata habari zake. Tuko watatu katika chumba kimoja chenye sufuria moja: mimi, mama mkwe wangu, na binti yangu mdogo.

Mtoto alikula viazi vitamu, akashiba, akalala, nami nikaridhika. Tumbo si limejaa? Kisha nywele zake zikawa nyepesi na nyekundu, akaacha kucheza, akawa anakaa tu mlangoni. Katika kituo cha afya muuguzi alimzungushia mkononi, juu ya kiwiko, utepe wa kupimia wembamba wa mtoto, ukasimama kwenye rangi ya manjano. Bado haijafika nyekundu, ile ya hatari, akasema, ila viazi peke yake vinashibisha bila kujenga mwili. Nimpe maharage, yai likipatikana, na samaki kila siku.

"Mama, uko unakaa Keshero na mutoto anakosa samaki?" akaniuliza. Niliona aibu, na hasira pia.

Nilimweleza mama mkwe yote. Hakugomba. Alisema mjukuu wake ale anachotakiwa, lakini sufuria ikishaingia samaki, yeye hatakula tena kilichopikwa ndani yake. Kwa desturi yake, nyumba inayokula samaki inawaua ng'ombe wake. Nilimbembeleza. Niliahidi kuisugua kwa majivu hadi ing'ae. Mwisho uvumilivu ukaniishia, nikamuuliza ni ng'ombe gani hao anaowalinda humu chumbani.

Akanijibu bila kuniangalia.

"Nikikula ile samaki, ni kusema ngombe zimeisha. Na mwenye kuzichunga, naye?"

Mwenye kuzichunga ni mwanawe, mume wangu. Siku ileile nilipika sambaza na maharage, nikamlisha mtoto, huku bibi yake amegeukia ukuta akichoma kiazi chake kwenye makaa. Ndivyo tunavyoishi hadi leo. Sufuria ya pili sina uwezo wa kuinunua, na Masisi hakurudiki. Nikipika maharage matupu bado anakataa. Nimebanwa, na aliyenibana ni mtu ninayempenda.

Binti yangu sasa anakimbia. Nywele zimerudi kuwa nyeusi. Kila mchana humpelekea bibi yake sambaza mmoja kiganjani, naye hupokea samaki huyo, humfumba mkononi, akamsifu mtoto, kisha hunirudishia mimi mtoto akigeuka.

Juzi nilimshika mama mkwe mkono, juu ya kiwiko, ili nimwinue kwenye kigoda. Vidole vyangu viliuzunguka mkono wake kama ule utepe wa muuguzi, vikakutana.