Samaki wa Mama Ciru

Kabla ya Januari 2008, Nyokabi, mwenye ploti ya nyumba za kupanga hapa Mountain View, Nairobi, tuliyemwita Mama Ciru, alikuwa na adui mmoja tu duniani: samaki wa Ogutu, mpangaji wake Mjaluo kutoka magharibi mwa nchi. Sisi Wakikuyu wa rika lake hatukulelewa tukila samaki, lakini yeye alizidi. Kila Joyline, mkewe Ogutu, alipoinjika sufuria, Mama Ciru alifungua madirisha yote kwa kishindo. Jumapili alitusimulia kanisani jinsi anavyofukizwa na nyoka wa maji.

Uchaguzi ukaharibika, nchi ikawaka. Vijana wetu wakapita mlango kwa mlango wakiwatafuta wapangaji wa kutoka magharibi, na aliyepatikana hakuulizwa mara mbili. Wenye ploti wengi waliwafungulia vijana hao geti, kisha wakaenda kuombea amani. Mama Ciru aliwahamishia akina Ogutu chumbani mwake.

"Mpangaji wangu anatukanwa na mimi peke yangu," alisema.

Mchana mmoja watoto walilia njaa, Joyline akajisahau, akakaanga samaki jikoni mle. Vijana wakafuata harufu. Ogutu na familia walijitupa chini ya kitanda. Mlangoni alisimama Kibe, ambaye Mama Ciru mwenyewe alimfundisha Biblia utotoni.

"Mama, hiyo samaki ni ya nani?"

"Ni yangu. Kwani siwezi pika kwa nyumba yangu?"

"Wewe? Si ulisema hiyo ni nyoka?"

"Daktari amesema nikule. Damu imepungua."

"Haya, kula tuone."

Akaketi, akala. Hakujua watu huanzia wapi, basi akaanza na kichwa. Alitafuna macho, mapezi na miiba, huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Ogutu aliniambia baadaye kwamba, pamoja na hofu yote ile, alitamani atoke amwonyeshe namna ya kuondoa miiba. Kibe alipoona machozi yanamtoka mama wa watu, aliamini ni mgonjwa kweli. Akampa pole, wakaondoka.

Amani iliporudi, Ogutu alimshukuru Mama Ciru mpaka akalia, kisha akahama. Watoto wake walikuwa wakitetemeka kila geti lilipogongwa. Wapangaji wenzake wote wa kutoka magharibi walikuwa wameshatangulia kuhama.

Habari zikaenea. Mchungaji akamsimamisha Mama Ciru mbele ya kanisa, akatangaza kwamba janga limetufunza umoja na sasa sisi ni familia moja. Kibe alipiga makofi kuliko wote. Mama Ciru alituangalia, benchi baada ya benchi.

"Tumeungana na nani," akauliza, "na wote walihama?"