Rangi ya Gesare

Waliniletea mwanamke mwingine.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye mochari moja ya Homa Bay. Sanduku likafunguliwa nimtazame mke wangu kabla ya safari ya Uriri, kwenda kumzika. Nikatazama. Gauni lilikuwa lake, lile la kijani. Mikono ilikuwa yake, kidole kimoja kimepinda tangu kibanwe na mlango wa lori. Lakini uso ulikuwa mweupe kama umemwagiwa unga. Uliishia kwenye taya, kisha shingo nyeusi ikaanza. Kama mtu aliyevalishwa uso.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Binti yetu Dorah akanishika mkono. "Tata, ni Mama."

"Mama yako namjua. Nimeuliza huyu."

Nimekaa sokoni miaka arobaini. Hasira nazijua. Ile ya siku hiyo sikuwa nimewahi kukutana nayo.

Wacha niseme Gesare alikuwa nani.

Aliuza vipodozi. Hakuwa na duka. Alipanga bidhaa chini ya turubai soko la Ogwedhi, siku ya mnada, hatua chache kutoka kwenye zizi la mifugo. Mimi nilikuwa dalali wa ng'ombe. Yeye alikuwa na mafuta, poda, wanja, na ile faundesheni, krimu ya rangi ambayo mwanamke hupaka kwanza ili uso uwe sawasawa kabla ya poda. Vumbi la ng'ombe wangu lilitua kwenye chupa zake. Wiki ya kwanza alinitukana. Ya pili pia. Ya tatu akaniuliza mbona natoa kila ng'ombe zizini kabla ya kutaja bei.

"Ng'ombe hatazamwi kivulini," nikamwambia. "Kivulini wote ni wazuri."

Siku hiyo hiyo alianza kuwatoa wateja wake juani.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi mpaka mwisho. Mwanamke akija, hakumjaribia mkononi. Mkono umepigwa na jua na jembe, hauna habari za uso. Alimpaka kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, mstari mdogo tu. Akamtoa nje ya kivuli cha turubai. Wakangoja rangi ikauke, maana ikikauka hubadilika. Ikionekana, si yako. Ikipotea, hiyo ndiyo yako.

Weusi si mmoja, alisema. Kuna wenye wekundu ndani, kuna wenye manjano, kuna ule wenye buluu kwa mbali. Mtu akichukua chupa bila kujua wake ni upi, atatembea na uso wa kukopa.

Wengi walitaka chupa nyeupe. Aliwanyima. Eucabeth, muuza nyanya wa pale sokoni, aligombana naye mbele yangu.

"Nipe hiyo ya juu."

"Hiyo ni ya jirani yako. Yako ni hii."

"Kwa hivyo mimi ni mweusi?"

"Mweusi na mrembo. Nani alikudanganya hayo mawili yamegombana?"

"Pesa ni yangu, Gesare!"

"Na taya ni yako. Nenda nayo nyumbani vile ilivyo."

Eucabeth akaenda kununua kwingine. Baada ya wiki mbili alirudi, shingo imemuumbua.

Gesare mwenyewe alikuwa rangi ya uji wa wimbi usiotiwa maziwa. Mweusi, wekundu chini yake. Hakuna chupa moja iliyomtosha. Kila asubuhi alichanganya mbili kwenye kifuniko cha kopo, kwa njiti ya kiberiti. Nilikunywa chai yangu nikimtazama. Miaka thelathini na minne.

Sasa mtu kama huyo, wakampaka rangi ya jirani.

"Nani amefanya hii?"

Mwanamke kijana wa pale, anayepamba maiti, akasogea. Jina lake Mellen. "Ni mimi, mzee."

"Huyu ulimtoa wapi?"

Akachukua karatasi ya programu ya mazishi. "Nilipewa hii. Nikafuata picha."

Kusoma sijui. Picha naijua. Ilikuwa ile ya ubatizo wa mjukuu wetu, lakini mikunjo ya kando ya macho ilikuwa imeondolewa. Na ngozi wameitia maziwa.

"Ni mtu wa studio," Dorah akasema. "Ameing'arisha tu, Tata. Kila mtu anafanya hivyo kwa programu. Watu wanataka picha nzuri."

"Mama yako alikuwa mbaya?"

"Sijasema hivyo."

"Studio imesema. Na wewe ukasema asante."

Dorah anaishi hapo Homa Bay, na anajipaka krimu za kung'arisha. Mama yake aligombana naye miaka mitatu kwa sababu hiyo. Uso wake siku hizi ni rangi ya andazi. Mara ya kwanza nilifikiri ni mgonjwa.

Nje, Odhiambo, dereva wa gari la maiti, akapiga honi. "Jaduong', mzee wangu, padri ana mazishi mengine saa nane! Hatatungoja!"

"Tufunge tu sanduku," Dorah akasema. "Tuseme halifunguliwi. Hakuna atakayeona."

"Mimi nimeona."

Kwetu mtu haagwi kwa sanduku lililofungwa, labda ajali iwe imemharibu. Na wanawake wa Ogwedhi walikuwa wanakuja. Wote hao Gesare alikuwa amewashika taya. Wakikuta limefungwa, watauliza ana nini usoni. Wakikuta uso ule, watasema alitunyima weupe kumbe anautaka mwenyewe. Kazi ya maisha yake yote imeharibiwa na picha, na yeye hawezi kujibu.

"Pangusa," nikamwambia Mellen.

Hakusogea. "Mzee, nikipangusa nipake gani? Amekaa siku tisa kwenye baridi. Hata hii shingo si rangi yake tena. Nikiifuata, atakuwa jivu. Na mimi sikumwona akiwa hai."

Alisema kweli. Nikakosa wa kumgombeza.

"Una chupa ngapi?"

"Sita."

"Ulijaribia wapi?"

"Hapa ndani."

Nikatazama juu. Taa ndefu, nyeupe, inatetemeka. Humu ni kama zizini.

"Leta chupa zote. Dorah, toka nje."

"Nje wapi, Tata?"

"Juani."

Nikamsimamisha kando ya gari. Odhiambo akaacha honi. Uso wa Dorah haukufaa. Shingo pia haikufaa, anapaka mpaka kifuani. Nikamwambia afungue kitambaa cha kichwani. Nikamkunja sikio kama alipokuwa mdogo, nikatafuta. Nyuma yake palikuwa na mahali padogo, upana wa kidole, ambapo krimu haifiki. Uji wa wimbi.

"Hapa," nikamwambia Mellen. "Mama yake amebaki hapa."

Dorah akaanza kulia. Sikumbembeleza.

Mellen alichanganya ile nyeusi kabisa na ile yenye wekundu, kwenye kifuniko. Akapaka mstari hapo nyuma ya sikio. Tukasimama.

"Sasa tunangoja nini?" Odhiambo akauliza.

"Ikauke."

"Kwani ni simiti?"

"Wee, nyamaza," Mellen akamwambia.

Ikakauka. Ikaonekana, kijivu kidogo. Akaongeza tone la wekundu, akapaka mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. Tukangoja tena. Nikainama. Macho yangu ni ya zamani, siyaamini. Nikamwita Odhiambo.

"Ya pili iko wapi?"

Akatazama, akapindua kichwa. "Jaduong', mimi naona moja tu."

"Mpake hiyo," nikamwambia Mellen.

Safari hii Mellen alimpangusa Gesare, akampaka upya mlango ukiwa wazi, na mara mbili alitoka na kifuniko kwenda kutazama juani. Sikumwomba. Alipomaliza nikaangalia. Alikuwa amekufa, lakini alikuwa yeye.

Tulifika Uriri tumechelewa. Padri alikuwa amenuna. Zile programu sikuruhusu zishuke garini. Nilimwambia Odhiambo akipita Karungu awape wauza omena wafungie dagaa zao. Nyimbo tuliimba bila karatasi. Mimi huimba bila karatasi siku zote.

Wanawake wa Ogwedhi wakapita mmoja mmoja. Eucabeth alipofika akasimama. Hakutazama macho wala gauni. Aliinama karibu kabisa, akatazama taya, pale inapokutana na shingo. Alivyofundishwa. Wa nyuma yake wakangoja.

"Haionekani," akasema. Akafuta machozi, akasogea.

Tulipomaliza kumfukia, Dorah aliniletea chai. Alikuwa hajafunga tena kitambaa. Alipogeuka niliuona ule mstari wa kwanza, bado uko nyuma ya sikio lake. Wa pili niliutafuta, sikuuona.

Sijamsamehe. Chai nilikunywa.