Jiko la Bibi na Pembe ya Nyuzi Arobaini na Tano

Ko, ko, ko. Mpaka leo naisikia: mjomba anagonga shina la mnazi wa bibi, pale Pangani, na mnazi unaitika kama ngoma. Mchwa walikuwa wameshakula ndani kote.

"Huu tuuangushe leo, kabla haujaamua wenyewe," mjomba akasema.

Upande mmoja kulikuwa na nyumba ya jirani, upande wa pili ukuta wa madrasa. Uwazi ulikuwa mmoja tu, na mwisho wake ndipo lilipokuwa jiko la bibi, la udongo na makuti, alilolikandika kwa mikono yake. Mnazi ukiwa mrefu kuliko uwazi ule, jiko libomolewe kwanza.

"Bomoeni," bibi akasema. "Halafu nihamie kwako na kuku wangu wote. Watalala kitandani kwa mkeo."

Mimi nikafurahi. Tangu nimalize kidato cha nne, na cheti ninachokificha chini ya godoro, nilikuwa naota siku ambayo pembetatu itanihitaji. Nikakunja karatasi ya mraba kona kwa kona, nikapata nyuzi arobaini na tano. Nikalala kifudifudi mchangani upande wa nyuma, kwenye kichochoro chembamba kisichofaa kuangushia mti, karatasi jichoni, nikawa natambaa kinyumenyume hadi kilele cha mnazi kikaonekana sawasawa kwenye ukingo wa mshazari.

Jirani akachungulia. "Hee! Mtoto kaanguka?"

"Kalala mwenyewe," bibi akamjibu. "Anapima mnazi."

"Kwa tumbo?"

Nikawaeleza, mchanga umenijaa mdomoni: pembe ya shinani ni tisini, yangu arobaini na tano, ya kule juu nayo arobaini na tano, basi pande mbili zinalingana. Kutoka jichoni pangu hadi shinani ndio urefu wa mnazi. Futi kamba haikuwepo, tukachukua kamba ya nyavu ya mjomba. Nikaipima kwa mikono kama wavuvi wapimavyo, ncha ya vidole hadi ncha ya vidole: pima kumi na nne. Mjomba naye akapima uwazi kwa mikono yake: pima kumi na mbili.

Mnazi umezidi kwa pima mbili. Bibi hakutukana, na hapo ndipo moyo uliponiuma. Akaingia, akaanza kutoa vyungu kimoja kimoja, akivifuta kwa upindo wa kanga kama vinakwenda safari.

Mjomba akatanua mikono ukutani, atafute pa kuanzia kubomoa. Mikono yake haina mwisho! Nikatanua yangu kando yake. Kifaranga na korongo.

"Mjomba, acha! Pima yangu na yako si ndugu!"

Safari hii hatukuhesabu. Tulinyoosha kamba toka nilipolala hadi shinani, tukapiga fundo, tukaihamishia upande wa jiko. Fundo likaishia njiani, pakabaki nafasi ya mtu kujilaza.

"Mtu gani, wewe au mimi?" mjomba akauliza.

"Wewe."

Mnazi ukaanguka. Makuti yakapuliza vumbi mlangoni, kuku wakaruka, jiko likabaki limesimama. Bibi akapiga kigelegele, kisha wote wakakimbilia kilele, maana moyo mweupe ulio ndani ya kilele cha mnazi ni mtamu na haungoji mtu. Bibi alikuwa mbele yao, na kisu.

Mimi nikarudisha vyungu jikoni. Kisha mafiga matatu, ambayo nayo bibi alishayang'oa. Nikayapanga pembetatu kwa kukadiria kwa macho tu, hivi na hivi, mpaka chungu kikakaa bila kutikisika, nikawasha moto.